Sufuria Chini ya Kitanda cha Dirishani

Bénie, weka chini kwanza hiyo blusi yako ya uuguzi. Utaipiga pasi mpaka itoboke. Kesho utasimama mbele ya watu, utainua mukono, utaapa kutunza siri ya mugonjwa, na watu watakupigia makofi na kukumwagia poda ya furaha kichwani. Sawa. Lakini usiniulize tena kwa nini simusalimu Nishimwe, mwalimu wako. Unaniuliza kila mara, na kila mara nakufukuza jikoni. Leo kaa. Leo nitakuambia, kisha utaamua mwenyewe kama unataka kuapa ao hapana.

Nishimwe nilimujua akiwa mutoto wa jirani, hapa hapa Goma, Murara. Mama yake, Mukabalisa, alikuwa mufanyabiashara wa maharagi. Alikuwa anaenda kuyachukua Bunagana na kutuachia mutoto. Hata siku ile volkano ilipolipuka alikuwa huko. Watu wote wakakimbia, moto unashuka barabarani unameza nyumba, kila mumoja anaita wake. Mutoto akaruka juu ya jiwe jeusi akidhani limekwisha kupoa. Yo! Nyayo zake ziliungua zote mbili.  Baba yako aliangusha godoro alilobeba, godoro letu la pekee, akamupandisha mugongoni mpaka Gisenyi, ngambo ya mupaka. Miye njia nzima nilimutukana sababu ya godoro. Ndiyo, nacheka, lakini nilimutukana kweli.

Huko Gisenyi kulikuwa infirmière mumoja, muuguzi aliyekuwa anamufunga vidonda kila asubuhi, taratibu, akimuimbia. Toka pale mutoto akawa na wimbo mumoja tu: nitakuwa infirmière, nitakuwa infirmière. Tuliporudi, baba yako akamuchongea meza ya kusomea. Na siku alipopata diploma, mutu wa kwanza aliyemuonyesha blusi yake alikuwa baba yako, Paulin. Alizunguka mbele yake pale atelie, kwenye maranda ya mbao: «Papa, niangalie!» Baba yako alilia, mwanaume mukubwa vile.

Haikupita muda, waasi wakaingia mujini. Weye ulikuwa mudogo, nilikuwa nimekupeleka kwa bibi yako Butembo. Bombe ilianguka Ndosho, karibu na atelie. Kipande cha chuma kiliingia kwenye paja la baba yako na kuvunja mufupa. Vijana wakamuleta hospitali juu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, aliyoichonga kwa mikono yake mwenyewe. Na nani alimupokea? Nishimwe. Wakubwa wake wengi walikuwa wamekimbia. Salle nzima, vitanda vyote vya wagonjwa, ilikuwa mikononi mwake, naye hata mwezi hajamaliza kazini.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Unajua hospitali zetu. Mugonjwa hapewi chakula, ni garde-malade wake, mutu wa familia anayemulinda, ndiye anayemupikia pale inje. Kwa hiyo chini ya kila kitanda kuna sufuria, beseni na mufuko wa makala ya kupikia. Ukipita, unaangalia chini tu, unajua nani ana watu na nani hana.

Kitanda cha dirishani, kando ya cha baba yako, chini yake hakukuwa kitu. Alilala kijana mwenye risasi tumboni. Watu walimuacha kwenye geti wakakimbia. Hakusema jina, na alipopata fahamu kidogo aliomba maji kwa Lingala, luga ya jeshi. Aka, nani hakuelewa? Askari wa serikali. Wenzake walikuwa wamekimbia kuelekea Sake, yeye akabaki. Salle yote ikaanza kunong'ona. Mama mumoja, Nyirarukundo, aliyekuwa analinda dada yake, alimuambia Nishimwe waziwazi: «Toa huyu inje, atatuletea kifo humu.»

Nishimwe akajibu bila kugeuka, mikono yake bado kwenye kidonda: «Mama, huyu ni mugonjwa. Na dada yako pia ni mugonjwa. Nianze kutoa nani?»

Nilijivuna siku ile. Nilisema moyoni, huyu ni mutoto wetu.

Asubuhi moja habari ikapita kitanda kwa kitanda: waasi wako kwenye salle ingine, wanatafuta askari waliojificha, na hawaulizi mutu jina. Wanaangalia chini ya vitanda. Asiye na sufuria hana familia, na mutu mwenye risasi asiye na familia ni askari. Wanamutoa.

Nishimwe akanijia. «Mama Marcelline, nisaidie sufuria yako.»

«Sufuria ya maharagi ya Papa wako?»

«Nisaidie tu, Mama.»

Nilielewa. Nikamuambia: «Weye mutoto, una shida kubwa,» lakini nikampa. Nikampa hata kikwembe changu cha kujifunga amufunikie kijana. Miye nilikuwa na sufuria ya pili inje, kwenye moto, ya bugali. Nilijiambia nitaileta sasa hivi, nitaiweka chini ya kitanda cha Paulin, mambo yaishe. Baba yako aliona yote. Aliniambia, «Umefanya vizuri, mama Bénie.» Ni maneno yake ya mwisho kwangu.

Sijamaliza kusonga bugali, jeep ya waasi ikasimama mbele ya salle yetu. Askari mumoja akasimama mulangoni: «Mama, hakuna kuingia.» Nikakimbilia dirisha, nikashika vyuma.

Mukubwa wao alikuwa anatembea polepole, macho chini. Akafika kwa kijana. Akaona sufuria, akafunua, mvuke ukatoka. Akafunika. Akapita. Akafika kwa baba yako. Mwanaume wa nguvu, kidonda cha chuma, na chini yake sakafu tupu.

«Weye ni wa kikosi gani?»

«Miye ni fundi mbao.»

Nishimwe akaja mbio: «Afande, ni Papa Paulin wa Murara, namujua toka utoto wangu!»

«Watu wake wako wapi? Sufuria yake iko wapi?»

Nikapiga kelele pale dirishani: «Niko hapa! Ni mume wangu! Sufuria yake ndiyo hii!» Nilikuwa nimeinyakua kwenye moto kwa mikono mitupu, hizi alama unazoziona mikononi mwangu si za pasi kama nilivyokudanganya. Yule wa mulangoni akacheka. «Leo kila mwanamuke wa Goma ana mume humu ndani.»

Mukubwa akamuambia Nishimwe: «Tumeambiwa askari iko humu. Tutatoka na mutu mumoja. Kama si huyu, nionyeshe tunayemutafuta.»

«Hapa hakuna askari. Kuna wagonjwa.»

«Nionyeshe.»

«Siwezi kusema juu ya mugonjwa.»

Basi nikasema miye. Ndiyo, Bénie, nilisema, na leo ningesema tena, na Mungu akiniuliza nitamujibu hivyo hivyo. Nililia kwa sauti yote: «Ni ule wa dirishani! Sufuria ile ni yangu!»

Mukubwa akamuangalia kijana. Akaangalia sufuria yangu, maharagi yangu ya moto. Akatikisa kichwa. «Mama, huyu wamemupikia asubuhi hii. Usiuze mutoto wa wenzako.» Kisha akamugeukia Nishimwe. «Huyu mama anasema kweli?»

Kichwa tu, Bénie. Hakuhitaji hata mudomo. Angeinamisha kichwa kidogo tu. Baba yako alikuwa anamutazama, yule aliyemubeba mugongoni siku ya moto. Machozi yalikuwa yanamushuka Nishimwe mpaka kwenye blusi, na kichwa hakikusogea.

Wakamubeba Paulin. Nishimwe akashikilia kitanda, wakamusukuma akaanguka, na pale chini alipoanguka bado alikuwa anapiga kelele: «Muguu! Shikeni muguu vizuri, mufupa haujashika!» Askari walimuangalia kama mwenda wazimu.

Kesho yake alichukua bande na dawa, akaenda mpaka kambi yao, akasimama kwenye geti na blusi yake. «Nina mugonjwa humu. Nimekuja kufunga kidonda chake.» Wakamuacha aingie. Akarudi kuniambia kidonda ni kisafi, na kwamba Papa ameuliza kama mikono yangu inaniuma. Siku iliyofuata akaenda tena, wakamuambia huyo mutu hayuko. Akaenda tena. Wakamutukana, wakamupiga kwa kitako cha bunduki. Akaenda kila siku na bande zile zile, mpaka waasi walipotoka mujini na kambi ikabaki wazi, na ndani hamukuwa mutu. Hakuna aliyenionyesha kaburi. Nimeuliza Goma yote.

Kijana wa dirishani alipona. Aliondoka alfajiri, bila kuaga. Nilienda kuchukua sufuria yangu, nikaikuta chini ya kitanda kitupu, imesuguliwa kwa majivu mpaka inang'aa, na kikwembe kimekunjwa juu yake. Nishimwe alikuwa amesimama pale, amekonda, jicho moja bado limevimba.

Nikamuambia: «Jina lake nani? Alikuambia, najua alikuambia. Nataka jina tu. Nataka kujua mume wangu amekwenda kwa ajili ya nani. Labda nitamuombea, labda nitamulaani, sijui bado.»

Akapiga magoti, akashika miguu yangu. Alilia, Bénie, sijasikia mutu kulia vile hata kwenye matanga. «Mama, niombe kitu kingine. Niombe chochote.»

«Nataka jina.»

«Siwezi kusema juu ya mugonjwa.»

Nikachukua sufuria yangu, nikarudi nyumbani. Ndiyo hiyo unayopikia maharagi kila siku.

Haya. Shika pasi, kola bado haijanyooka.