Kibarua changu cha kwanza cha ushauri wa lishe, Igawa: siku utepe ulipoonyesha nyekundu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba, na nyie mnaosoma nyuzi za watu kimyakimya bila kujiunga, nawaona pia.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Nimebadilisha majina tu.

Nianze kwa kukiri jambo nililolikana muda mrefu: mimi ni mwanafunzi.

Nina mvi, nina digrii ya zamani ya mambo ya fasihi, na kwa miaka mingi nimeandika makala magazetini, zile mlizofungiwa maandazi. Gazeti lilipopunguza kurasa, nikaondoka na kurasa zangu. Nikaenda chuo kusoma lishe, darasa moja na vijana ambao hata binti yangu angekuwa dada yao mkubwa.

Majirani zangu wa Mlandege, Iringa, wakiniona na begi mgongoni asubuhi, niliwaambia naenda semina. Binti yangu alinivumilia mpaka siku moja akaniuliza, "Mama, ni semina gani hiyo yenye sapu, mtu anarudia mtihani?"

Basi. Nimesema. Tuendelee.

Likizo ndefu ilipofika, taasisi moja ndogo ikatangaza vibarua vya muda vya kushauri wazazi wenye watoto wadogo. Mafunzo yalifanyika Uyole. Nilipoingia ukumbini, vijana wote wakasimama wakidhani mimi ndiye mkufunzi. Mkufunzi mwenyewe alipoingia, akaniamkia. Nikaitikia marahaba, nikatafuta kiti cha nyuma.

Nikapangiwa Igawa.

Aliyewahi kupita barabara kuu ya kwenda Mbeya anapajua. Basi likisimama tu, madirisha yote yanajaa mabeseni: vitunguu, mchele, karanga, mayai ya kuchemsha.

Siku za mwanzo niliboronga. Niliongea kama ninavyoandika: utangulizi, kiini, hitimisho. Mbele yangu, kwenye benchi la kliniki ya watoto, wamekaa akina mama wenye watoto wanaolia. Mmoja, Mama Joyce, mwanamke wa maneno kuliko wote pale, akanikatisha: "Mama yangu, hayo makundi ya chakula tumeyasikia tangu tukiwa wasichana. Sema leo tunapika nini."

Wakacheka. Nikacheka nao. Kesho yake nilikuja na sufuria.

Tangu hapo kazi ikawa tamu. Tulipika, tulionja, tulibishana kuhusu uzito wa uji. Nawaambia ukweli, sijawahi kuona darasa lenye akili kama lile benchi la kliniki.

Sasa ikaja siku ya nyekundu.

Alikuja binti mmoja, nitamwita Mama Atupele. Ni Mhehe wa upande wetu wa Iringa, kaolewa na Mnyakyusa. Tulisalimiana "kamwene" na nikampenda hapohapo. Mtoto alikuwa amepita mwaka kidogo, ana macho makubwa, mtulivu mno. Utulivu wa mtoto wa umri ule si habari njema.

Nikamvisha mkononi utepe wa kupimia. Ule utepe una kijani, njano na nyekundu. Kuusoma hakuhitaji miwani wala digrii. Ukasimama kwenye nyekundu: utapiamlo mkali.

Kabla sijafungua mdomo, Mama Joyce akachungulia kwa nyuma. "Heee! Nyekundu hiyo! Mtoto kabemendwa."

Kwa wasiojua neno hili: wapo wanaoamini kwamba mtoto anayenyonya akidhoofika, basi mzazi mmoja katoka nje ya ndoa. Na huyo mzazi mmoja, kwa namna ya ajabu, kila mara ni mama.

Mama Atupele akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka.

Muuguzi wa kituo cha afya alinieleza wazi: huyu mtoto lazima aanzishiwe chakula dawa, kile cha vifuko cha kutibu utapiamlo, wiki hii hii, asicheleweshwe. Kesho yake asubuhi nikaenda nyumbani kwao.

"Mimi pale sirudi," Mama Atupele aliniambia mlangoni. "Mama, naamka giza bado lipo, nakwenda kupalilia mpunga wa watu mpaka jua linazama. Hiyo nguvu ya kutoka nje ya ndoa naitoa wapi?"

Ningecheka kama asingekuwa analia.

Umbea ulikuwa umeshafika Tukuyu kwa mama mkwe. Alikuwa amepiga simu usiku kumwambia mwanawe amrudishe huyo mwanamke kwao Iringa, mtoto abaki. Mume hakuwa amejibu kitu. "Nikienda kituoni na nyekundu hii," Mama Atupele akasema, "nitakuwa nimekubali maneno yao. Aseme mume wangu kwanza."

Nikaenda kumtafuta mume barabarani. Nilimkuta na beseni la mayai ya kuchemsha na karanga kwenye vifuko.

"Wewe ndiye mama wa utepe?" Kisha akakumbuka malezi. "Shikamoo."

"Marahaba, baba. Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto, au mke wangu?"

Basi likafunga breki. Akakimbia, nikabaki naongea na vumbi.

Akarudi. "Mama yangu hajawahi kunidanganya."

"Kamwona mtoto lini?"

"Pasaka."

Basi lingine. Akakimbia tena. Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzuri kuhusu imani na sayansi. Alipokuwa dirishani anahesabiana na abiria, nikaitupilia mbali.

"Jana Atupele alikula nini?" nilimuuliza aliporudi.

"Uji."

"Wa nini?"

"Mchele na sukari."

"Mzito?"

"Wa kunywa tu."

"Yai je?"

Akaliangalia beseni. "Haya ni ya biashara, mama."

"Ameharisha karibuni?"

"Mwezi mzima. Anaacha, anaanza."

"Basi ndiyo hivyo, baba yangu. Vinavyotoka ni vingi, kinachoingia ni maji na sukari. Hapo mkeo kaingilia wapi?"

Basi la tatu likasimama. Wenzake wakapiga kelele, "Oya, Baba Atu! La Dar hilo!"

Hakukimbia. Lilijaza, likaondoka, yeye kasimama palepale na beseni lake.

"Nitafikiri," ndicho alichosema.

Nilirudi nimenyong'onyea. "Nitafikiri" ni neno ambalo wahariri wameniambia maisha yangu yote.

Wakuu, asubuhi iliyofuata nilikuwa naosha sufuria pale kliniki, nikasikia kicheko. Nikainua kichwa.

Baba Atupele anakuja, shati la kanisani limenyooshwa, mtoto yuko mgongoni kwake, kafungwa kwa kitenge. Mwanaume, barabara kuu, mchana kweupe. Mkewe anafuata nyuma, mikono mitupu, uso juu.

"Shemeji, umeajiriwa uyaya?" Mama Joyce hakuweza kujizuia.

"Sijaajiriwa. Huyu ni wangu."

Akaketi kwenye benchi la akina mama, katikati kabisa. Wakasogea. Nikamvisha mtoto utepe.

"Sema kwa sauti, mama," akaniambia.

Nikamwangalia mkewe kwanza.

"Sema tu."

"Nyekundu."

Akawageukia. "Mmesikia. Mtoto kaharisha, na mayai yangu wanakula abiria. Hakuna aliyembemenda. Mwenye neno aje aniambie mimi, mke wangu mniachie."

Mama Joyce akaanza kuangalia kucha zake za miguu. Baba akampandisha mkewe na mtoto kwenye bodaboda, wakaenda kituo cha afya kuanza chakula dawa.

Nimeandika makala nyingi kuhusu ujasiri, nyingine zilisifiwa. Sikuwahi kuuona umefungwa kitenge kifuani.

Kibarua kilipoisha, utepe ulikuwa umehamia njano. Lakini ile tuhuma ilikuwa bado mbichi: mama mkwe alikuwa ametuma ujumbe kwamba anakuja Igawa mwenyewe "kulimaliza suala". Mume ni jasiri mbele ya benchi, ila mama ni mama. Nilipanda basi kurudi Iringa roho ikiwa juu.

Nilichojifunza ni hiki. Mzazi anayetuhumiwa hasikii ushauri. Mtue kwanza ile tuhuma, halafu mzungumzie sufuria. Hili hawakunifundisha darasani, na kwenye makala zangu zote sikuwahi kuligusa.

Akina baba mliowahi kukaa kwenye benchi lile, njooni mtuambie ilikuwaje. Akina mama mliowahi kunyooshewa kidole, uwanja ni wenu. Na wewe unayetaka kubisha kwamba kubemenda kupo, karibu pia, ila njoo na mtoto tumpime.

Sasa, kabla sijafunga uzi, kuna simu niliyopigiwa.

Jumapili, nimetoka ibadani, namba nisiyoijua. Sauti ya mama mtu mzima, lafudhi ya Tukuyu kabisa.

"Wewe ndiye mwalimu wa utepe?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ndiye niliyemzaa baba yake Atupele. Niko hapa kwao Igawa."

Nikamuuliza upesi, "Mama Atupele yuko wapi?"

"Nimemwambia aende kwenye mpunga wake, huyu mtoto nabaki naye mimi. Sasa nisikilize, sufuria iko motoni. Mkwe wangu ameniachia karanga za kusaga na mimi nimesahau alivyonielekeza. Naziweka uji ukishachemka, au kabla?"

"Ukishachemka, mama. Kisha uendelee kuiva kidogo."

"Haya. Usikate," akasema, na nikasikia mwiko ukigonga sufuria.