Cheti Kilichobaki kwenye Simu ya Jirani

Tulikuwa wawili katika ofisi ya chumba kimoja mjini Homa Bay, mimi na mwenzangu, tukitengeneza programu ya kuuzia samaki. Tulibishana sana juu ya jambo moja: muuzaji akishaingia kwa namba yake ya siri, seva ikumbuke wapi kwamba ni yeye? Ikimweka kichwani tu, umeme ukikatika inawasahau wote. Ikimwandika kwenye hifadhidata, kila mguso unachelewa kidogo. Mwenzangu alitaka simu ya muuzaji ipewe cheti cha kumtambulisha, ikibebe yenyewe, seva isiweke chochote. Sikupenda. Kitu kikishatoka mkononi mwako, utakirudishaje? Lakini yeye ana maneno mengi kuliko mimi, tukafuata yake.

Shangazi yangu, dada wa baba, ambaye kwa Kijaluo namwita Waya, huuza samaki aina ya mbuta kutoka kisiwa cha Mfangano. Mteja wake mkubwa alikuwa hoteli moja ya Rongo. Siku moja simu yake iliishiwa na chaji, akaazima ya jirani, akaingia, akauza, akairudisha. Kule simu huazimwa kama sufuria. Sisi tulikuwa tumechukulia kwamba simu moja ni mtu mmoja. Kesho yake jirani alifungua programu, akajikuta yumo ndani, akaiuzia hoteli samaki wake waliolala, kwa jina la shangazi.

Hoteli iliwarudisha. Shangazi akavuka ziwa, akaja ofisini.

“Nyathina, mwanangu, nitoe kwa hiyo simu.”

Mwenzangu akamweleza kwamba hatuwezi kukifuta cheti hicho peke yake tukiwa huku. Kitakufa chenyewe baada ya mwezi.

“Mwezi? Na hiyo mwezi yote yeye ndiye mimi?”

Mwenzangu akaigeukia kompyuta yake. Nilifurahi, kisha nikaona kwamba shangazi analia, na furaha ikaniishia.

Siku hiyo hiyo tulibadilisha ufunguo wa seva, tukavunja vyeti vyote kwa mpigo. Wauzaji wakajikuta nje, wakatupigia simu kututukana. Tukahamia kwenye hifadhidata: kila anayeingia ana mstari wake, na mstari ukifutwa, simu aliyoitumia haimjui tena. Kuchelewa kwenyewe hakuna aliyekutambua.

Hoteli haikununua kwa shangazi tena. Nilimuuliza kama atamshtaki jirani kwa viongozi wa ufuo.

“Mama mkwe wangu hatoki kitandani,” akasema. “Nikienda soko, nani hukaa na yeye? Si ni huyo huyo?”

Bado huazima simu ile ile. Tuliweka kitufe cha kutoka. Akikibonyeza, mstari wake unafutika papo hapo, na anakijua vizuri. Hata hivyo, akishakibonyeza, kabla ya kuirudisha simu kwa mwenyewe, hunipigia.

“Nimetoka?”

“Umetoka, Waya.”

Ningeweza kumjibu bila kuangalia. Huwa naangalia.