Mlango wa Kumi na Tisa

Bibi yule wa mtaa wa Seven Hills, ambaye kazi ya Mama ilikuwa kumtunza, amefariki. Mama ndiye aliyemkuta Jumanne asubuhi, alipokwenda kumwogesha kama kawaida: ameketi kitini, amefumba macho, mikono iko magotini. Aliponiambia nilipotoka shule, niliogopa hata kumuuliza kama aliteseka. Ninyi mnaosoma ukurasa huu wa jumuiya yetu na kuniona kanisani mnajua mimi si mtu wa kusema. Mnakumbuka pia siku niliposimama kusoma somo kwa Kiswahili, nikakwama mstari wa pili, nikatoka mbio hadi kwenye maegesho. Kwa hiyo sitawaficha: wiki hii nzima nimeishi na woga.

Alikuwa bingwa wa slalomu, mbio za kuteremka mlima wa theluji kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea, huku ukipinda kushoto na kulia kati ya vijiti. Vijiti viwili ni mlango mmoja, na ukikosa mlango mmoja tu huhesabiwi. Siku ya kwanza Mama aliponipeleka kwake, wakati wa likizo, sikujua hayo. Nilimkuta kitini amefumba macho, mikono inacheza hewani, mwili unalala huku, unalala kule. Nikapiga kelele, "Mama, njoo! Bibi anakufa!" Mama akaja mbio na sabuni mkononi. Bibi akafumbua jicho moja. "Umeniangusha mlango wa kumi na tisa," akasema. "Sasa itabidi nianze tena kutoka juu." Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe mtoto, utaniua mimi kwanza!" Kumbe ndivyo wafanyavyo wachezaji wa mbio hizo: wanaikagua njia polepole, kisha wanafumba macho na kuipita yote kichwani. Yeye hakuacha tabia hiyo hata miguu ilipokataa.

Macho yake nayo yalikuwa hafifu, basi kila Jumamosi nilimsomea gazeti, naye akanisimulia mbio zake niziandike kwenye daftari. Vikombe vilijaa kabati, lakini ukutani alitundika picha moja tu, ya mbio zake za mwisho, akipanda mlima kwa ubavu, kichwa kimeinama. Alikuwa ameukosa mlango wa kumi na tisa. Katika slalomu unaruhusiwa kusimama, kupanda tena na kuupita, ingawa saa haikungoji.

"Watu walicheka?" nikamuuliza.

"Wengi walikuwa wameshaenda kutafuta chai."

"Hukuogopa?"

"Mpenzi, kila mbio nilitapika nyuma ya kibanda. Woga haukuwa habari kwangu." Kisha akanishika mkono. "Ukija kuwasomea watu daftari hili, mlango huo usiuruke. Niahidi." Nikaahidi, nikidhani siku hiyo haiji.

Ilikuja Ijumaa. Mpwa wake aliniomba nisome habari za mbio zile kwenye mazishi. Asubuhi niliiacha chai mezani. "Sitaweza, Mama," nikasema. Mama akaendelea kunifunga vifungo vya shati. "Sijakuuliza kama utaweza. Nimekuuliza, daftari unalo?"

Nilisoma bila kuinua macho. Kwa haraka nikafunua kurasa mbili kwa pamoja, na nilipogundua, Bibi wa kwenye daftari alikuwa ameshafika chini bila kukosa mlango wowote. Watu walitabasamu. Hakuna aliyejua. Ningeweza kuketi. Kupitia dirisha niliona maegesho.

Sisi tuliokulia hapa Sydney mkituongelesha Kiswahili tunawajibu Kiingereza, nanyi mnasema tunaringa. Hapana. Tunaogopa kukosea mbele yenu. Tunaona afadhali tukae kimya kuliko kusahihishwa, na tukishakosea mara moja hatukigusi tena. Nilifikiri hivyo nikiwa nimesimama pale.

"Samahani," nikasema. "Nimeruka mlango mmoja." Nikarudisha ukurasa, nikasoma jinsi alivyokosa, jinsi alivyosimama, jinsi alivyopanda kwa ubavu hatua kwa hatua huku mlima ukibaki hauna watu. Woga haukuniacha mpaka neno la mwisho.

Bibi hakunifundisha ujasiri, maana bado sina. Alinifundisha kwamba mtu anaweza kurudi pale alipokosea huku bado akiogopa. Nimeomba nirudie lile somo la kanisani Jumapili, kuanzia mstari wa pili. Tayari ninaogopa.