Mtani Aliyekuja na Suti

Nimeishi Tanzania vya kutosha kujua kwamba mtu anaweza kuwa mgeni hata katika nchi inayosema lugha yake. Mimi ni Mdigo wa Kwale, pwani ya Kenya. Kazi ya kuchimba visima ndiyo iliyonileta Kigoma, na huko watu huniuliza nimetoka wapi kila nikifungua mdomo sokoni. Hilo nimelizoea. La Tabora ndilo sijalizoea, na kila nikilikumbuka uso huniwaka moto hata nikiwa peke yangu jikoni.

Marafiki zangu wawili wa Tabora niliwapata Kampala tulipokuwa wanafunzi, sote watatu ugenini. Mmoja ni binti wa fundi cherehani wa mjini Tabora, Mwislamu wa ukoo uliokaa pale tangu enzi za misafara, msema kweli mpaka anakera. Wa pili ni Mnyamwezi wa Kigwa, kijiji kilicho kando ya reli, mashariki ya Tabora. Huyu, siku ya kwanza alipolijua kabila langu, alinivua kofia kichwani, akaivaa yeye, akatangaza bweni zima kwamba amempata mtumwa wake.

Nilitaka kumpiga. Akanieleza, huku kofia yangu ingali kichwani mwake, kwamba babu zake walibeba pembe za ndovu mpaka pwani kwetu, wakala kwetu, wakalala kwetu, wengine wakazikwa kwetu, na tangu hapo Mnyamwezi na Mdigo ni watani. Watatukanana, watanyang'anyana, na wa kukasirika ndiye mwenye makosa. Nilimpigia bibi yangu simu kumuuliza kama ni kweli. Bibi alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Mwambie huyo mpagazi wako arudishe kofia."

Hakuirudisha. Nami nikamlia sukari yake mpaka tukamaliza chuo.

Likizo moja alinipeleka kwao Kigwa. Mama yake alinipokea mlangoni akisema nimekuja na njaa ya Wadigo wote. Baba yake alinifichia viatu, mtumwa havai viatu, nikashinda peku kwenye shamba lao la karanga. Nilimwita mzee yule majina ambayo kwetu ningechapwa kwa kuyafikiria tu, naye akajipiga mapaja kwa kicheko. Chakula kilipoiva, mama alinipakulia ugali mkubwa kuliko wa wanawe, na kuku, na uyoga wa porini, akaniambia nile upesi kabla hajabadili mawazo. Sijapata kupendwa ugenini namna ile. Siku ya kuondoka aliniambia nikisikia amekufa nije nimchukulie jembe lake, kwa kuwa wanawe wavivu. Nikamjibu kwamba nitachukua na kitanda.

Mwaka jana yule rafiki wa Kigwa alinipigia simu. Mama amefariki, wamezika jana. Nilianza kumpa pole, akanikatiza.

"Usije kunililia, mtani. Wa kulia ninao. Njoo tu, mzee anakuulizia."

Nilidhani ni uchungu unaosema. Mtu aliyefiwa hupewa nafasi ya kusema lolote, nikajiambia, na nikaanza kujiandaa kama nilivyojua mimi.

Hapa lazima niieleze suti, maana bila suti hakuna anayenielewa. Kazi yangu ni ya mikutano. Kabla kisima hakijachimbwa kuna mkuu wa hiki na mwenyekiti wa kile, na kila mmoja anataka kutambuliwa kwa cheo chake. Baada ya miaka ya mambo hayo ulimi wangu ulikuwa umekakamaa kwa itifaki. Wale wa Kigwa ni Wamoravian, nami Mwislamu, basi nikaona heshima yao kwa msiba ni suti nyeusi na shada la maua. Nikanunua shada la plastiki, kubwa, lenye utepe wa zambarau. Kwenye treni kutoka Kigoma nililipakata usiku kucha lisibonyee, na nikatunga hotuba kichwani. Kuhusu utani, nilijua kwa yakini kwamba msiba umeusimamisha. Nani atamtania mtu aliyefiwa?

Rafiki yetu binti wa fundi alinipokea stesheni ya Tabora. Tulikuwa hatujaonana tangu Kampala. Aliponiona nashuka na suti na lile shada, alicheka akashika kiuno.

"Wewe umekuja kuwaua leo," akasema. "Mchungaji kabisa!"

Nilidhani anafurahi kuniona. Kumbe alidhani suti ndiyo mzaha wenyewe. Alinipeleka kwake Ipuli nikanywa chai kwa maandazi, tukaulizana habari za wenzetu waliooa na walioachana, kisha tukaingia kwenye gari lake kuelekea Kigwa. Njiani akaniambia kwamba mzee hajatia kitu mdomoni tangu kuzika. Anakunywa maji tu. Wanawe wamembembeleza, mchungaji kambembeleza, anasema anamngoja mtumwa wake.

Nikajiona mtu. Mzee wa watu anakataa chakula mpaka nifike mimi. Nikaikaza tai.

Uani palikuwa na turubai na watu wengi. Tulipoingia, kikundi cha wanawake kando ya masufuria kilisimama, mikono midomoni, na mwanamume mmoja akasema, "Kaja, kaja." Wakanipisha njia huku wakitabasamu. Tabasamu zile zilinishangaza. Mimi nilikuwa nimenuna ipasavyo. Nikampa mkono kila mmoja, poleni sana, poleni sana, na kila niliyempa mkono alilirudisha tabasamu lake ndani. Rafiki yangu wa Kigwa alinijia mikono imepanuka, tayari ameanza kucheka, nikamshika bega kwa uzito nikamwambia kazi ya Mungu haina makosa. Mikono ikashuka. "Amina," akasema.

Mzee alikuwa kwenye mkeka ukumbini, amelala ubavu, ameelekea ukuta. Alikuwa amekonda. Aliposikia nimefika aligeuka, akaketi mwenyewe bila kusaidiwa, na watu wakasongamana mlangoni kutazama. Nikamwamkia shikamoo. Akachelewa kidogo, akaitika marahaba. Nikaliweka shada miguuni pake, nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikatoa hotuba.

Nilianza na kwa niaba yangu na familia yangu. Nikasema marehemu alikuwa mhimili. Nikasema sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Mzee alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalize kupiga chafya ili mazungumzo yaendelee. Nilipomaliza alingoja bado. Kisha akaelewa kwamba nimemaliza.

"Asante sana, bwana," akasema, akajilaza tena.

Nilikaa kitini nikiwa nimeridhika. Naandika hili kwa tabu: niliridhika.

Haukupita muda mrefu, ikasikika kelele uani, na mama mmoja akaingia ukumbini bila hodi. Baadaye nilijua ni Mzaramo, mume wake mfanyakazi wa reli, na yeye huuza vitumbua karibu na stesheni. Alikuwa amejifunga kanga ya marehemu na kitambaa cha marehemu kichwani, jembe begani, na anachechemea mguu wa kushoto. Nilikumbuka kwamba marehemu naye alichechemea mguu huo huo. Damu ikanichemka.

"Wewe mzee," akasema kwa sauti kali, "nimetoka juzi tu, tayari unalala mchana! Kuku nani kawafungulia? Au umeshapata kimwana wa kukuogesha?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee akainua kichwa. Mama akamsogelea, akamsukuma mguu kwa mpini wa jembe. "Inuka. Nimeacha uji jikoni, kama hunywi nawapa mbwa, wao wana shukrani." Mzee akajiegemeza kwa kiwiko. Mdomo wake ulianza kutetemeka upande mmoja, akaanza kusema, "Na wewe, hata kaburini huna..."

Hapo ndipo niliposimama.

"Mama, tafadhali," nikasema, kwa ile sauti yangu ya mikutano. "Tuwe na staha. Mzee amefiwa."

Kicheko kilikatika. Mama yule alinitazama suti, akatazama shada, akamtazama rafiki yangu. Mtu mmoja mlangoni akauliza huyu nani. Rafiki yangu aliinama chini.

"Ni mgeni wetu," akasema. "Ametoka Kigoma."

Mama akaliteremsha jembe, akaliegemeza ukutani. Akakivua kile kitambaa kichwani, akakikunja taratibu, akakiweka juu ya kiti. "Nisameheni," akasema. "Sikujua kama kuna mgeni." Akatoka, na sasa hachechemei. Mzee alikuwa ameshageukia ukuta.

Binti wa fundi alinishika mkono wa koti akanitoa mpaka nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku. Hakupandisha sauti, na hilo liliniuma zaidi.

"Unajua ulichofanya?"

Nikamwambia nimemtetea mzee.

"Umemtetea kwa nani? Aliyefiwa hapa hainuliwi na pole. Anainuliwa na mtani. Mtani ndiye anaingia kaburini kwanza, ndiye anavaa nguo za marehemu, ndiye anamtukana mfiwa mpaka acheke, akicheka analia, akilia anakula. Hiyo ni kazi, si mchezo. Walikuwa wanakungoja wewe uifanye. Uliposhindwa, wakamkimbilia yule mama wa Kizaramo, naye mtani wao, azibe pengo lako. Na yeye ukamfukuza."

Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi niliambiwa, tena kwa simu, tena Kampala, tena na marehemu mwenyewe. Niliona aibu ya mtu mzima, ile isiyo na pa kujificha. Nilitamani nilie, nikakumbuka kwamba wa kulia wanao.

"Nenda ukarekebishe," akaniambia.

Nilivua koti nikalitundika kwenye banda. Nilivua na viatu. Nikaingia ukumbini peku, nikachukua jembe lililoegemezwa ukutani, nikachuchumaa karibu na mzee. Nilitafuta matusi yangu yote ya zamani, na sikupata hata moja lililo hai.

"Wewe mzee," nikasema. "Mnyamwezi gani wewe... jembe hili nimekuja kulichukua. Na kitanda."

Sauti ilinitoka ya kuomba. Hakuna aliyecheka, na mtoto aliyekuwa amekaa na dada zake alinionea huruma nikaona. Mzee aligeuka, akanitazama miguu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, mwanangu," akasema polepole. "Umesafiri mbali. Nenda kale, upumzike."

Akawa ananifariji yeye. Nilikwenda nikakaa chini ya turubai na wanaume, wakanipa kiti chenye mto, na sahani yangu ikaletwa peke yake, imefunikwa kawa, na kijana wa kuninawisha. Nilikula firigisi.

Nililala Kigwa. Rafiki yangu alinipa chumba chake na chandarua kipya, akaniuliza kama mto unafaa. Hakunitania hata mara moja. Kampala angeninyang'anya mto. Nilimwomba msamaha, akasema usijali, ndugu, desturi zinatofautiana. Aliyasema kwa upole wa mtu anayezungumza na mteja, na mimi nikasema ni kweli, zinatofautiana.

Asubuhi waliniletea kuku mzima amefungwa miguu, mtetea mwekundu. Mzee ameagiza, wakasema, mgeni asiondoke mikono mitupu. Nilimpokea kwa mikono miwili nikaenda nyuma ya nyumba kunawa uso na kulichukua koti langu. Nilikuwa nimeinama kwenye ndoo niliposikia mlango wa mbele, na ile sauti kali ya jana.

"Haya, mgeni kaenda kunawa. Inuka, mchawi wewe! Nimekuja na uji, na leo nimetia karanga. Kama hunywi naolewa na mchungaji."

Kisha nikamsikia mzee akijibu kitu kwa Kinyamwezi, na nyumba nzima ikalipuka. Alicheka yeye mwenyewe, nilikijua kicheko chake, kile cha kujipiga mapaja. Kikageuka kikawa kilio, kikubwa, kama cha mtoto, na mama yule akawa anamtukana juu ya kilio hicho hicho bila kupumzika. Halafu nikasikia kijiko kikigonga bakuli.

Nilikuwa nimeshamaliza kunawa. Gari lilikuwa linaningoja na binti wa fundi alishapiga honi. Lakini nilibaki pale, mtetea kwapani, maji yananitiririka shingoni, nikiogopa hata kukohoa. Rafiki yangu alitokea kwenye kona ya nyumba, akaniona, na macho yake yakaniomba ningoje kidogo. Nikangoja. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyoifanya kwenye msiba ule.

Honi ilipolia tena sikuwa na budi. Nikazunguka, nikavua viatu mlangoni, nikaingia kuaga. Walikuwa wamemzunguka mzee, mama wa vitumbua amekaa mkekani na kitambaa kichwani, bakuli limebaki nusu. Waliponiona walinyamaza. Mama akakitoa kitambaa. Mzee alijifuta uji kwenye ndevu, akaliweka vizuri shati lake, akaketi wima.

"Umelala salama, mgeni wetu?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba nimelala salama, nikamshukuru kwa kuku.