Meza ya Chuma Katika Mgahawa Wangu

Mume wangu aliinunua mashine ile muda mfupi kabla vita havijafika mjini kwetu Kindu. Ilikuwa ya kusawazisha chuma: jiwe la duara linazunguka juu, kipande cha chuma kimelazwa kwenye meza inayokwenda na kurudi, na jiwe linakiparua kidogo kidogo mpaka kinakuwa bapa kabisa. Yeye aliiita kwa Kifaransa, rektifiezi, kwa sauti laini ambayo mimi sikuwahi kuitiwa. Ilitoka katika karakana ya mgodi uliofungwa upande wa Pangi. Kabla hajapata nyaya za kuiunganisha, wanajeshi wakaingia mjini.

Walibeba kila kitu chenye mota: vinu vya muhogo, jenereta, hata feni ya kanisani. Sisi tukafungua mota ya mashine, na shingo yake inayobeba jiwe, pamoja na jiwe lenyewe, tukavifukia chini ya rundo la makaa jikoni. Kiwiliwili kilichobaki kilikuwa kizito kama kiboko, na hatukuwa na mahali pa kukificha. Nikamwambia mume wangu tukiweke mbele ya macho ya watu. Wakati ule niliuza wali na sombe, yale majani ya muhogo, barazani. Nilitandika kitambaa chembamba cha maua juu ya kile kiwiliwili, nikaweka chumvi na pilipili, kikawa meza.

Sasa, juu ya mashine ya namna hii kuna bamba la sumaku, linaloshika chuma kisiruke wakati wa kazi. Ubavuni lina mkono mdogo. Ukiusukuma, sumaku inashika hata bila umeme, ukiurudisha, inaachia. Kitambaa changu kiliufunika vizuri.

Siku moja alikuja komanda na watu wake. Walikula wakashiba, kisha akagonga meza kwa vidole akasikia chuma.

"Mama, hii tunabeba. Iko chuma mingi."

Alikuwa ameweka kisu chake karibu na sahani. Nilijifanya ninafuta sombe iliyomwagika, nikapitisha mkono chini ya kitambaa, nikausukuma ule mkono mdogo. Alipotaka kuchukua kisu, hakikutoka. Akavuta. Sahani ya bati nayo ikagoma. Watu wake walisimama, wawili wakatoka kabisa nje.

"Hii meza iko na nini?" aliuliza.

"Njo vile iko, shefu," nikamjibu, macho chini. "Ni ya marehemu mama-mkwe. Haipendi muntu akule aende hivihivi."

"Inataka nini?"

"Inataka ulipe chakula."

Jikoni mume wangu alikuwa amejiziba mdomo kwa kitenge changu, maana nilikiona kinatikisika mlangoni kwa kicheko chake. Komanda akatoa noti akaiweka mezani. Nikafuta tena ile sombe, kisu kikatoka. Tangu siku hiyo wanajeshi walilipa, na hakuna aliyetaka meza ile ipande lori lake.

Lakini yule komanda alirudi peke yake, asubuhi, kabla sijawasha moto. Alivua kofia. Bila kofia nikaona ni kijana tu, labda umri wa mdogo wangu wa mwisho. Aliweka kisu mezani taratibu.

"Mama, uulize hii meza. Ikikishika, nitafika kwetu. Ikikiacha, basi."

Nilitaka kumwambia ni chuma tu, kama sufuria. Sikuweza. Nilizunguka upande wa mkono ule, nikanyoosha kitambaa, nikausukuma mpaka mwisho. Akagusa kisu kwa kidole, kisha akakivuta kwa nguvu zote. Kilishika. Akacheka kidogo, akafuta uso, nami nikampikia chai. Baada ya muda kikosi chao kikaondoka. Sijui kama alifika.

Miaka mingi mashine ilibaki meza. Hivi karibuni tu, umeme wa jua ulipofika kwa jirani na pikipiki zikajaa mjini, mume wangu aliamua kuifufua. Alitoa shingo makaani, akakwangua kutu kwa mafuta na brashi, akafungua njia ambazo meza hutelezea na kuziparua kwa mkono mpaka meza ikaenda kwa kidole kimoja. Aliweka jiwe jipya na mota mpya. Mimi nilipoteza mgahawa, lakini niliahidiwa utajiri.

Jiwe likifanya kazi, chuma kinapata moto, kwa hiyo lazima limwagiwe maji yaliyochanganywa na mafuta maalum. Mchanganyiko huo ni mweupe kama maziwa. Unatiririka juu ya chuma, unaingia kwenye tangi, pampu inaurudisha juu. Mteja wetu wa kwanza alikuwa mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye duka la pikipiki. Alileta kichwa cha injini kilichopinda, akakaa kungoja. Aliyatazama yale maji meupe yakitiririka.

"Mama, ng'ombe munafuga wapi?"

Mtu huyu alikulia kwenye milima ya ng'ombe. Nikamwonyesha mashine.

"Ng'ombe wetu njo huyu, papa. Anakamuliwa kwa umeme."

Nilidhani atacheka. Badala yake, nilipogeuka, alichovya kidole akaonja. Akatema pembeni kwa adabu, akafuta mdomo kwa leso.

"Mama," alisema polepole, "ng'ombe yenu iko mugonjwa."

Na kweli alikuwa mgonjwa. Maji yale yakikaa bila kuzunguka, mafuta machafu yakaelea juu na kuyafunika, yanaoza. Wiki ile nyumba nzima ilinuka mayai viza. Kwaya iliyofanya mazoezi jirani ilihamia upande wa pili wa uwanja. Mume wangu alidai hasikii harufu yoyote. Nikamtolea mkeka, nikautandika kando ya tangi.

"Kama hainuki, lala na ng'ombe wako."

Kabla ya jua kuzama alikuwa amemwaga tangi lote kwenye shimo mbali na kisima, akasugua kwa sabuni na kuweka maji mapya. Sasa kila asubuhi anaengua mafuta yanayoelea na kuyakoroga maji hata kama hakuna kazi.

Ikabaki vumbi. Kazi ndogo alizifanya kavu, na unga wa jiwe na chuma uliingia kila mahali. Siku moja nilisonga ugali wa muhogo ukatoka rangi ya majivu. Nilimpelekea yeye kwanza. Alimega, akatafuna, meno yakalia.

"Unga huu umesagia wapi?"

"Umesaga wewe, baba."

Hakumaliza. Kesho yake alianza kutengeneza kifaa cha kuvuta vumbi: feni ya zamani, bomba la mabati, na pipa la maji ambamo vumbi lingezama. Alifunga kitambaa puani kama nilivyomsihi. Nilipoangalia ile feni nikaona mapanga yake yameelekea mashine, si pipa. Nikauliza kwa upole kama ana hakika.

"Mama, acha fundi afanye kazi."

Basi nikarudi nyuma mpaka mlangoni, nikafunika sufuria. Akawasha. Vumbi lote lililokuwa limelala kwenye mashine tangu asubuhi liliinuka likamvaa. Alisimama katikati yake, wa kijivu kuanzia nywele mpaka viatu, macho mawili tu yakiniangalia.

"Ulijua," alisema.

"Niliuliza."

Nilimchotea maji ya kuoga, nikamsugua mgongo, na yeye alinung'unika muda wote. Baadaye aligeuza feni, akaitisha kiti, akakaa kuitazama ikivuta.