Kigari cha Turbo na Mama Mkwe

Nilipokipeleka kigari changu ukweni, Lagangabilili, mama mkwe alikizunguka mara moja, kisha akamuuliza mke wangu kama nimenunua gari au kiatu. Milango miwili pembeni, mmoja nyuma wa kuinua juu. Hakibebi gunia la pamba, hakibebi hata mbuzi aliyeshiba. Niliyasikia yote, maana nilikuwa nyuma ya ukuta, hatua nne tu. Kwetu Wasukuma mkwe mwenye adabu hamtazami mama mkwe usoni wala hasemi naye ana kwa ana, kwa hiyo sikuweza kujitetea.

Na ningemwambia nini? Kwamba raha yake ni huo udogo? Bariadi tulikuwa wanne wenye ugonjwa huo. Kila Jumapili baada ya ibada tulikutana pale panapooshwa magari, tukafungua boneti na kubishana mpaka njaa itukumbushe nyumbani. Kwa nje ni gari la mwalimu la kwendea sokoni. Ukikanyaga mafuta kwenye gia ya tatu, turbo inapiga mluzi, mgongo unabanwa kitini, na lile gari kubwa la bosi lililokuwa likikupigia honi linabaki nyuma. Mdharau mwiba mguu huota tende. Nilikipenda, na nilitaka mwanamke yule akikubali. Jambo la kipuuzi kwa mtu mzima, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi moja, tukiwa tumekwenda kuwasalimia, ikaja simu kutoka Tabora: dada mkubwa wa mama mkwe amezidiwa na anamwita. Treni ingepita Malampaka mchana. Gari walilokodi likagoma kuwaka. Kilichobaki uani ni kiatu changu.

Mke wangu alikunja kiti cha mbele, mama akajipenyeza nyuma ameinama, nami nikatazama shamba la pamba kama bwana shamba anayekagua wadudu. Nilipoingia, nikakigeuza kioo cha ndani kikaelekea paa, nisije nikamwona kwa bahati mbaya. Nikabaki na vioo vya pembeni na woga. Niliendesha kama nimebeba mayai.

Tulipoishika lami ya kuelekea Maswa, sauti ikatoka nyuma, kwa Kisukuma, ikimwambia mke wangu: "Mwambie mumeo, kama hiki kitu kina nguvu anazozisifia, leo ndiyo siku yake."

Mke wangu akanifikishia neno kwa neno, ingawa msemaji alikuwa mkono mmoja tu kutoka sikioni mwangu. Nikashusha gia, nikakanyaga. Mluzi ukalia, na nyuma kukawa kimya. Nilidhani anasali, au amekasirika.

Malampaka tulifika treni ikiwa ndiyo kwanza inasimama. Alishuka, mimi nikatazama reli. Alimkuta dada yake hai, wakakaa siku mbili wakizungumza kabla dada huyo hajafumba macho. Nilifurahi mno kusikia kwamba alimuwahi. Kuhusu kigari hakuniletea neno.

Baada ya hapo nilimbeba mara nyingi, kanisani, hospitalini, gulioni. Kila mara kioo kilitazama paa, na nyuma kukawa kimya. Watoto walipoongezeka nikakiuza, nikanunua gari refu lenye viti vya kutosha na lisilo na mluzi wowote. Siku kilipoondoka nilijifungia bafuni, na sioni haya kusema kwamba nililia.

Mwaka jana tulimzika mama mkwe. Tukirudi Bariadi baada ya matanga, tulipoifikia lami, mke wangu akasema, "Mama alikuwa anacheka, unajua? Kila turbo ikilia, alijiziba mdomo kwa kanga akacheka mpaka machozi. Alinikataza nisikwambie, eti utaongeza mwendo."

Nikakitazama kioo cha ndani. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na sufuria za msibani na kanga zake mbili tulizogawiwa.