Mirija ya Bi Mkono

Itambulike na wote, lilisema tangazo la uongozi lililobandikwa mlangoni mwa karakana, kwamba ubora wa utando wa zeolaiti unatokana na mitambo ya kisasa, na mkono wa binadamu hauna nafasi katika ubora huo. Chini yake palikuwa na mhuri wa mkurugenzi na, kwa kuwa gundi ilikuwa imekwisha, kipande cha plasta ya kidonda.

Hatua tatu kutoka hapo aliketi mwanamke waliyemwita Bi Mkono. Kwa miaka kumi na tisa alichovya kidole gumba katika unga wa zeolaiti, madini ya kuchujia, akaupaka juu ya mirija ya kauri, mmoja baada ya mwingine. Kisha mirija iliingia tanurini, chembe zikakua na kushikana, zikawa utando wenye vitundu vidogo mno: maji yalipenya, spiriti ikabaki nje. Chembe zikikandamizwa mno au zikipakwa ovyo, utando hupasuka. Mrija mbovu ulijulikana kwa kutumbukizwa majini na kupulizwa hewa. Ukitoa mapovu, basi tena. Mirija ya Bi Mkono ilitoa mapovu kwa nadra. Wageni wa kiwanda walionyeshwa tanuri.

Kisha kiharusi kikampitia kwa adabu. Hakikumwangusha, kilimchukulia mkono wa kulia, kikamrudishia baada ya miezi miwili, ila bila hisia.

“Pumzika, mama,” mkurugenzi alimwambia. “Mitambo ipo.”

“Nipe wiki mbili na binti wa kaka yangu. Kazi hii isife na mimi.”

“Wiki mbili sawa. Ila usimjaze mambo yenu ya kukisia.”

Binti alikuwa na cheti cha kemia na daftari jipya.

“Hapo unasugua sufuria,” shangazi alimwambia siku ya kwanza.

“Basi niambie nguvu kiasi gani, shangazi. Kwa namba.”

“Ningeijua namba ningekuwa mkurugenzi. Paka kama unavyompaka mtoto mchanga mafuta.”

“Sijawahi kumpaka mtoto mafuta.”

“Mimi nilimpaka wangu miezi minane.”

Binti akainamia daftari, asiandike kitu. Mtoto yule, tangu azikwe, hakuwa akitajwa nyumbani kwao.

“Lete mkono,” shangazi alisema. “Maneno yamenishinda.”

Akauweka mkono wa binti mezani, akapitisha gumba lake la kulia kutoka kiwikoni hadi kiganjani, taratibu, macho kayafumba, kama mtu anayekumbuka njia ya kwenda mahali. Gumba lilizama kwenye nyama. Binti aliuma meno. Shangazi yako humwambii kwamba anakuumiza siku anayokukabidhi kazi ya maisha yake.

“Umeisikia?”

“Nimeisikia, shangazi.”

“Hiyohiyo. Usiongeze, usipunguze.”

Walirudia kila asubuhi hadi wiki mbili zikaisha. Bi Mkono akaagwa kwa soda na hotuba kuhusu mitambo, akaenda nyumbani akiwa na amani ambayo hakuwa nayo tangu augue.

Mwezi uliofuata binti alimpigia simu, akamweleza kuhusu mirija yake arobaini ya kwanza.

“Ulipaka kama nilivyokuonyesha?”

“Vilevile, shangazi. Sikuongeza, sikupunguza.”

Yote arobaini ilikuwa imetoa mapovu. Uongozi ukaagiza tanuri jipya.